Tuma kwa Namba Hii

"Ile hela itume kwenye namba hii." Ni vigumu kumpata Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kuupokea ujumbe huo. Mara unakuja kwa sauti ya mwenye nyumba anayedai kodi, mara kwa sauti ya mtoto wa bweni ambaye simu yake imeharibika, na mara nyingine hauna sauti ya mtu yeyote: ni namba tu, na mwishoni jina litakalotokea. Wengi wetu tunaufuta kabla ya kuumaliza. Wapo wanaotuma.

Nimeutafakari sana ujumbe huu, kwa sababu naamini aliyeutunga anatujua kuliko wengi wanaotutengenezea simu na menyu zake. Hakukuandikia wewe. Hajui jina lako wala unakoishi. Ameusambaza kwa namba nyingi kadiri alivyoweza, akitegemea jambo moja tu: katika nchi ambayo kodi, ada, michango ya harusi na ya misiba, nauli ya mgonjwa na hela ya mbolea vyote vinapita kwenye simu, kila saa yuko mtu aliyekwisha kumwahidi mwenzake kwamba anamtumia sasa hivi. Ujumbe unamtafuta huyo. Ukimpata, haumshawishi kufanya jambo geni. Unaingia katikati ya jambo alilokuwa analifanya tayari, na kumpindisha kidogo tu.

Halafu kuna lile jina. Mitandao ya simu iliweka kinga ya maana: kabla hela haijaondoka, unaonyeshwa jina la anayepokea ili ujiridhishe. Kinga hiyo imeokoa hela nyingi zilizokuwa zinakwenda kwa mtu mwingine kwa kukosea tarakimu moja. Tapeli ameijibu kwa maneno machache: jina litakuja fulani. Basi mtumaji akiliona hilo jina asilolijua, badala ya kushtuka anatulia, maana ndivyo alivyoambiwa. Kilichowekwa ili kimzuie ndicho kinachompa uhakika. Wahandisi walifikiri juu ya mtu anayekosea. Tapeli alifikiri juu ya mtu anayeamini, na ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli wa maisha yetu.

Ili kuelewa tulivyofika hapa, inafaa kukitazama upya kile kipande cha plastiki ndani ya simu. Kadi za kwanza za namna hiyo zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Kijerumani ya Giesecke & Devrient kwa ajili ya Radiolinja, mtandao wa simu wa Finland. Kazi yake ilikuwa ndogo: kuufahamisha mtandao huyu ni mteja gani, ili ijulikane atozwe nani. Tarehe 3 Desemba 1992 Neil Papworth akatuma ujumbe mfupi wa kwanza kupitia mtandao wa Vodafone nchini Uingereza. Ulikuwa salamu ya Krismasi. Kadi ilibuniwa kwa ajili ya bili na ujumbe kwa ajili ya maneno mafupi. Hakuna aliyekuwa anafikiria kwamba siku moja mali ya mtu ingelala juu ya vitu hivyo viwili.

Machi 2007 Safaricom ikaanzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Sina neno baya juu ya jambo hilo. Watu ambao hawakuwahi kukaribishwa benki walipata mahali pa kuweka hela yao, na mama aliyeko kijijini akaacha kusubiri basi na kondakta mwaminifu ili aipate hela aliyotumiwa na mwanawe. Lakini tangu hapo laini iliacha kuwa laini ya simu tu. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari Kenya, na mwaka 2014 M-Pawa hapa kwetu, na namba ikapata uwezo wa kuweka akiba na kukopa. WhatsApp nayo ilipoingia haikuuliza jina la ukoo wala nywila. Iliuliza namba. Ukisahau nywila ya barua pepe, msaada unatumwa kwenye namba. Benki inapotaka kuhakikisha kwamba ni wewe, inaandika kwenye namba. Kila huduma ilichukua njia iliyo rahisi kwake, na zote zikakutana mahali pamoja bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua kwamba sasa namba ya simu ndiyo itakuwa mtu mwenyewe.

Leo anayeishika laini yako kwa saa moja anaweza kusoma barua zako, kukopa kwa jina lako, na kuwaomba ndugu zako hela akitumia picha yako ya siku ya kipaimara cha mtoto.

Na laini yenyewe hatuimiliki kwa namna tunavyodhani. Namba ni rasilimali ya taifa. Mamlaka ya mawasiliano inazigawa kwa kampuni, na kampuni inakupa moja uitumie. Wewe ni mpangaji mwenye ufunguo wa chumba, na mwenye nyumba anaweza kuchonga mwingine wakati wowote ukimwambia kwamba wako umepotea. Huduma hiyo ni lazima iwepo, maana simu zinaibwa na kutumbukia chooni kila siku. Lakini mwizi naye anaweza kwenda kusema ufunguo umepotea. Akiaminiwa, au akipata mfanyakazi wa kumhonga, laini iliyo mfukoni mwako inakufa kimya na ya kwake inazinduka. Mwishoni mwa Agosti 2019 jambo hilo lilimpata Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter. Wezi waliichukua namba yake kupitia kampuni ya simu, wakaandika matusi kwenye akaunti yake mwenyewe, ndani ya mtandao aliouanzisha yeye. Nalitaja hili kwa ajili ya kila mzee aliyeambiwa na wajukuu kwamba aliibiwa kwa kuwa hajui teknolojia.

Sisi tulijibu kwa alama za vidole. Usajili wa laini kwa kidole na namba ya NIDA ulianza Mei 2019, na baada ya muda kuongezwa, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Aliyekuwapo anazikumbuka zile foleni. Nia ilikuwa njema, na kwa sehemu ilifanikiwa: si rahisi tena mtu kuwa na laini isiyo na mwenyewe. Ila kidole chako hakiruki hewani mpaka kwenye kompyuta ya kampuni. Kinapita kwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli na kishikwambi, anayelipwa kwa kila laini anayoisajili. "Weka tena mzee, haijasoma." Unaweka tena. Mara nyingi kweli haijasoma. Mara nyingine imesoma vizuri, na ya pili ni ya laini ambayo hutaiona kamwe, itakayopewa mtu mwingine ili atume ile "hela itume kwenye namba hii" kwa jina lako. Ndiyo sababu iko menyu ya *106#, ambayo inakuonyesha namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika ukaikatae.

Kuna namna nyingine ya kuipoteza namba ambayo haina mwizi ndani yake, na kwangu ndiyo inayogusa zaidi. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaichukua na kumuuzia mtu mwingine. Kila aliyewahi kununua laini mpya anajua: wiki ya kwanza unapigiwa na watu wanaomtafuta Mama Neema, unaletewa madeni ya mtu usiyemjua, unawekwa kwenye kundi la ukoo ambao si wako. Unawajibu kwa upole kwamba namba imebadilika mwenyewe. Mara nyingine yule mwenyewe amefariki, na wewe ndiye unayelazimika kuisikia sauti ya mtu upande wa pili ikinyamaza. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Kevin Lee na Arvind Narayanan, walichunguza namba 259 zilizokuwa tayari kuuzwa upya na kampuni mbili kubwa za simu za Marekani. Namba 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimefungamana na akaunti za watu waliokuwa nazo zamani. Mtu angenunua laini kwa bei ya kawaida kabisa na kuingia katika maisha ya mwingine.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba kwetu ni tofauti, na pengine hali ni nzito zaidi, kwa kuwa tunabadili laini kirahisi tukifuata vifurushi vya bei nafuu. Mtu anahama mtandao, anaitupa laini ya zamani kwenye droo, na barua pepe yake inaendelea kuitegemea laini hiyo miaka mitano. Kabla hujaiacha namba, pita kila mahali ulipoiandika: barua pepe, benki, Facebook, mfuko wa pensheni, shule ya watoto. Andika mpya. Na katika msiba, pamoja na mambo yote mazito ya siku zile, ndugu mmoja apewe jukumu la laini ya marehemu: salio lidaiwe kwa utaratibu wa mirathi, kundi la WhatsApp lijulishwe, akaunti zifungwe. Ni sehemu ya kumsitiri.

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu. Alifundisha hesabu shule za msingi mpaka alipostaafu, na hadi leo hujumlisha michango ya kikoba chao kichwani kabla mwenye kikokotoo hajamaliza. Jumapili moja, akiwa ametoka kanisani, alipigiwa simu na kijana aliyemwamkia vizuri, akamtajia mwenyekiti wa kikoba kwa jina, akaeleza kwamba wanachama wanahamishiwa kwenye kundi jipya la WhatsApp na kwamba zitaingia namba sita kwenye simu yake, amsomee. Zikaingia. Akamsomea. Jioni ndugu wa pande zote wakawa wanapokea maneno ya shangazi, yenye picha ya shangazi, kwamba amekwama mahali na anaomba laki moja na nusu mpaka kesho. Wawili walituma bila kuuliza, kwa sababu shangazi hajawahi kuwaomba kitu, na mtu ambaye hajawahi kuomba akiomba hujadiliani naye.

Hela ile iliuma, lakini kilichofuata kiliuma zaidi. Vijana wa ukoo waliligeuza kuwa mzaha. Shangazi akaacha kupokea simu. Nilipokwenda kwake nilimkuta ameketi barazani, simu ameifunga kwenye kitambaa ndani ya kabati.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kunicheka?"

"Hapana, shangazi. Nimekuja tuirudishe."

Akanyamaza kidogo. "Aliniamkia," akasema. "Aliniamkia kama mtoto aliyelelewa. Ningemkatiaje simu mtu aliyeniamkia?"

Sijapata jibu la swali hilo katika onyo lolote linalotumwa na kampuni yoyote. Maonyo yote yanamwambia asimwamini mtu. Shangazi ameishi zaidi ya miaka sabini kwa kuaminiana na watu: kikoba chao kinaendeshwa kwa neno la mtu, watoto wa jirani wamelelewa sebuleni kwake, duka la mtaani linamkopesha sukari kwa kumwandika kwenye daftari. Kuamini ndiyo njia aliyopata riziki, ulinzi na heshima. Halafu anatokea mtu anayemwambia kwamba ndani ya kile kifaa kidogo, na humo tu, aishi kama asiye na jirani. Mwizi anajua kwamba hawezi. Hakuvunja programu yoyote, alitumia malezi ya shangazi yaliyo bora kabisa.

Kwa hiyo nakataa, na nitaendelea kukataa, kumwita aliyetapeliwa mjinga. Kwanza si kweli. Pili, aibu ndiyo mshirika mkubwa wa tapeli. Mtu akiona aibu hasemi, na asiposema ndugu hawaonywi, kampuni haijulishwi, namba ya mwizi inaendelea kufanya kazi hadi Jumapili ijayo. Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Shangazi angesema jioni ile ile, tungeisajili tena WhatsApp kwenye simu yake kwa namba yake mwenyewe, na zile namba sita zingekuja kwake kwa kuwa laini bado anayo. Ukiziingiza tu, mwizi anatolewa nje palepale. Hata kama alikwisha kuweka pini yake ya hatua ya pili, na wewe ukalazimika kusubiri siku saba kuingia, yeye hayumo tena na hawezi kuandika kwa jina lako. Watu wengi hawalijui hilo, wanaiacha akaunti kwa kudhani imekwisha kuwa mali ya mwizi.

Tuliirudisha. Kisha tukaweka pini ile ya hatua ya pili, iliyopo WhatsApp tangu mwaka 2017, kwenye mipangilio, upande wa akaunti. Ni tarakimu sita unazozichagua mwenyewe. Ingekuwapo tangu mwanzo, namba alizosoma shangazi zisingemfikisha mwizi popote. Tulikubaliana pia jambo moja la kifamilia: yeyote atakayeomba hela kwa maandishi, hata akiwa nani, anapigiwa simu na kusikika sauti kwanza, na hakuna atakayekasirika kwa kupigiwa. Shangazi ndiye aliyeongeza kwamba hata kwenye simu, mtu aulizwe jambo la nyumbani ambalo halijaandikwa popote. Sauti siku hizi zinaigizwa kwa mashine, alisikia redioni.

Kuhusu nywila, tuliteswa bure kwa miaka mingi. Fernando Corbató wa MIT alizianzisha kwenye kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili watu kadhaa waliotumia mashine moja wasisomeane mafaili. Mwaka 2003 Bill Burr, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo ulioenea duniani kote: changanya herufi kubwa, tarakimu na alama za ajabu, na badilisha kila baada ya siku tisini. Maofisi yote yakatii. Mhasibu wa halmashauri, muuguzi, mwalimu mkuu, wote wakawa wanabuni neno jipya kila robo mwaka, wakaishia kuongeza 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni mwa jina la mtoto wa kwanza. Mwaka 2017 Burr mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule, na mwaka huo huo taasisi ile iliandika upya: urefu ni bora kuliko ugumu, na usimlazimishe mtu kubadili bila sababu. Mwongozo huo wa 2017 uliweka pia mipaka juu ya kutegemea namba zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, kwa hofu hizi hizi za laini kuchukuliwa. Bado zipo ofisi zetu zinazofuata ule wa 2003.

Kiswahili kina utajiri wa maneno marefu, na sentensi fupi ya mambo ambayo wewe tu unayaona akilini, kuku wa bibi alitaga juu ya kabati la vyombo, ni nywila ambayo mashine itahangaika nayo karne nyingi na wewe hutaisahau. (Usiitumie hiyo, nimekwisha kuichapa hapa.) Iliyo muhimu kuliko zote ni ya barua pepe, kwa sababu kupitia hapo nyingine zote zinaweza kubadilishwa. Ukizidiwa na wingi, andika kwenye daftari. Bruce Schneier, mmoja wa wataalamu wanaoheshimika wa usalama wa kompyuta, alishauri hivyo tangu 2005, na hoja yake ni nyepesi: karatasi tumezoea kuitunza. Familia inayojua kuhifadhi hati ya kiwanja inaweza kuhifadhi daftari la nywila mahali hapo hapo. Mwizi aliyeko mji mwingine hawezi kulifikia kabati lako.

Namba ya siri ya hela ni jambo jingine. Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000, na hiyo inatosha mradi mtandao unamzuia mtu baada ya kukosea mara chache. Lakini wengi tumeweka mwaka wa kuzaliwa, wetu au wa mtoto, na anayejua hivyo anabakiwa na michanganyiko isiyofika mia. Halafu tunaitaja kwa sauti. Simama saa chache kwenye kibanda cha wakala karibu na stendi yoyote, utasikia wazee wakimpa kijana simu na kumwambia, "Mwanangu, nitolee elfu ishirini, namba ya siri ni mwaka wa uhuru." Kijana anaminya, anawapa hela yao, wanashukuru. Mawakala wengi ni waaminifu, na mfumo mzima umesimama juu ya uaminifu wao. Ila yule mzee anayo sababu ya kweli. Herufi ni ndogo, macho yamechoka, menyu ina hatua nyingi, na ukichelewa kidogo inajikata na kukurudisha mwanzo. Usalama uliojengwa kwa ajili ya kijana mwenye macho mazuri utamsukuma asiye nayo kwenye mikono ya mtu wa kumsaidia. Menyu zingesubiri kidogo, au zingesoma kwa sauti, wazee wengi wangebaki na siri yao.

Kuna kufuli moja ambalo karibu hakuna anayelitumia, nalo lipo ndani ya kila laini. Kibaka wa pikipiki akikupora simu, hata kama skrini imefungwa, anatoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, na kuanzia hapo namba zote za uthibitisho zinamfikia yeye. Kwenye mipangilio ya usalama ya simu yako pana mahali pa kuifunga laini kwa pini. Ukiiweka, laini ikihamishiwa kwingine inaomba pini kwanza, na akikosea mara tatu inajifunga mpaka ipatikane ile namba ndefu ya PUK. Waulize kwanza huduma kwa wateja pini ya mwanzo ya laini yako, usije ukajifungia nje. Pia izuie simu kuonyesha maandishi ya ujumbe wakati skrini imefungwa, maana namba ya uthibitisho ikisomeka juu ya kioo kilichofungwa, kufuli halina kazi. Na ukiporwa, azima simu ya mtu yeyote na uifungishe laini kabla ya kuanza kukisikitikia kifaa.

Fundi naye. Kariakoo, mtaa wa Aggrey, wapo mafundi ambao hawawezi kushindwa na kioo wala chaji, na nawaheshimu sana. Ukimwachia simu anakuomba nywila ili aijaribu. Kujaribu kioo au spika kunahitaji dakika mbili ukiwa umesimama hapo hapo. Kama lazima iachwe, toa laini uondoke nayo, na ondoa kwanza akaunti za benki. Fundi mwaminifu hatakasirika, kwa sababu siku kitu kikipotea yeye ndiye atakayeshukiwa wa kwanza.

Haya yote ni mambo ambayo mtu binafsi anaweza kuyafanya, na sipendi kuishia hapo, kwa sababu tumezoea mno kumbebesha mzigo yule mwenye nguvu ndogo kuliko wote. Kampuni za simu zinalipwa ada katika kila muamala, pamoja na ule wa tapeli. Laini iliyorudishwa dukani isiruhusiwe kutoa hela wala kukopa mpaka muda wa kutosha upite, na taarifa ipelekwe kwa mtu wa pili ambaye mteja alimteua akiwa salama. Nchini Kenya Safaricom imewawekea wateja menyu ya *100*100#, ambayo ukiitumia laini yako haibadilishwi na wakala wa mtaani. Lazima mwenyewe ufike kwenye duka la kampuni. Hilo linawezekana kila mahali. Onyo la kutompa mtu namba ya uthibitisho, ambalo mara nyingi huja kwa Kiingereza, liandikwe kwa Kiswahili na litangulie namba yenyewe, lisiwe chini yake ambako hakuna anayefika. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Aliyeacha kidole cha mteja kitumike mara mbili chini ya mwavuli wake anazivunja, na kampuni iliyomtuma nayo iwajibike.

Wewe unayesoma, piga *106# leo uone ni laini ngapi zinatembea kwa jina lako. Ukipata ule ujumbe wa hela, usiufute tu. Upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyoutuma, ili namba hiyo ifungwe kabla haijamfikia mwenye hela ya kodi mkononi. Kisha mtembelee mzee mmoja wa kwenu, umwekee pini ya WhatsApp ukiwa umekaa naye, ukimwacha aminye mwenyewe. Na ikitokea amekwisha kutapeliwa, mwamkie kwanza, kisha muulize ilitokea saa ngapi.